Kuzuia uchovu sugu wa kazi kwa wauguzi wa wodi za akili: namna ya kupanga mafunzo yanayosaidia kweli

Wauguzi wa wodi ya akili wakianza kuchoka, dawa ya kwanza wanayoandikiwa huwa ni semina ya siku moja ya kukabiliana na msongo wa mawazo. Ndiyo inayosaidia kidogo kuliko zote. Watu wanakaa ukumbini, wanafundishwa kuvuta pumzi, wanapiga picha ya pamoja, na kesho yake wanarudi kwenye wodi ileile yenye mlango uleule usiofungika. Kibaya zaidi, muuguzi anaondoka na ujumbe ambao hakuna aliyeutamka: ukichoka tena ni shauri yako, si ulishafundishwa?

Mafunzo yanazuia uchovu iwapo yanalenga zile nyakati hasa zinazommaliza muuguzi, yanafanyika ndani ya saa za kazi, yanarudiwa, na msimamizi wa wodi naye anaketi kwenye kiti cha mwanafunzi. Likikosekana moja kati ya hayo, bora muda huo watu wapewe wakalale. Mwongozo huu ni wa mkufunzi au msimamizi anayetaka kuyapanga kwenye wodi yake kwa wiki 12.

Unazuia nini hasa

Uchovu sugu wa kazi si uchovu wa siku mbovu unaoisha kwa usingizi wa usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeueleza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa, na halikuuweka kwenye kundi la magonjwa. Una sura tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija.

Kwenye wodi ya akili sura hizo huonekana mapema ukijua pa kutazama. Muuguzi aliyezoea kukaa na wagonjwa ukumbini anaanza kushinda ndani ya chumba cha wauguzi, nyuma ya kioo. Kwenye makabidhiano ya zamu mgonjwa hatajwi kwa jina, anakuwa "yule wa kitanda cha 6 anayejifanya". Kwenye faili maelezo ya siku nne mfululizo ni yaleyale, hata koma hazijasogea. Dawa ya kutuliza ya sindano inatolewa haraka kuliko mwezi uliopita, kwa mambo ambayo zamani yangemalizwa kwa maneno. Huyo hajawa mtu mbaya. Ameingia kwenye kazi ya bora liende kwa sababu akiba yake imekwisha.

Tofautisha na sonona. Aliyechoka na kazi hupata nafuu akiwa mbali na kazi, walau mwanzoni. Mwenye sonona hubeba mzigo wake hata likizoni: hafurahii chochote, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, anajiona hana thamani. Huyo anahitaji matibabu, na akitaja kutaka kufa anapelekwa kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Usimwandikishe darasani ukadhani umemsaidia.

Wiki mbili za kupima kabla ya kufundisha

Usianze na mada, anza na karatasi. Kwa siku 14, kila mtu anayetoka zamu aandike jibu la swali moja kwenye kipande cha karatasi bila jina na kukitumbukiza kwenye kisanduku kilichofungwa: "Leo ni jambo gani lililokuchosha kuliko yote, na lilitokea saa ngapi?" Wahusishe pia wauguzi wasaidizi, wahudumu na walinzi, kwa sababu mara nyingi ndio wanaoitwa kumshika mgonjwa, na ndio wanaosahaulika kwenye orodha ya mafunzo.

Siku ya 15 mwaga karatasi mezani uzigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mambo yanayoweza kufundishwa: "sijui nimjibu nini anaposema sauti zinamwambia anipige". La pili ni ya ratiba na idadi ya watu: "tulikuwa wawili kwa wagonjwa 34". La tatu ni ya vifaa na jengo: kengele ya dharura haifanyi kazi, kitasa kimekatika, hakuna mahali pa kulia chakula. Mafunzo yanatibu fungu la kwanza peke yake. Mafungu mawili yaliyobaki yaandike yalivyo, kwa tarehe na saa, uyapeleke kwa uongozi wa hospitali kabla ya kipindi cha kwanza, kisha uwaambie wauguzi kuwa yamepelekwa na nani anayafuatilia. Mkufunzi anayefundisha subira kwa watu wawili wanaohudumia 34 atachekwa, na watakuwa na haki.

Pamoja na karatasi hizo, tumia dodoso moja lililothibitishwa. Linalofaa hapa ni la Copenhagen, lililochapishwa mwaka 2005 na watafiti wa Denmaki. Lina maswali 19: 6 ya uchovu wa mtu binafsi, 7 ya uchovu unaotokana na kazi, na 6 ya uchovu unaotokana na watu unaowahudumia. Kila jibu lina alama kati ya 0 na 100 kwa hatua za 25, unatafuta wastani wa kila sehemu, na wastani wa 50 kwenda juu huchukuliwa kuwa dalili ya uchovu wa kutiliwa maanani. Halilipiwi. Dodoso maarufu zaidi, la Christina Maslach na Susan Jackson la mwaka 1981, lina maswali 22 na ni zuri, ila matumizi yake hununuliwa.

Kosa kubwa kwenye hatua hii ni kumfanya bosi awe mkusanyaji. Watu wataandika wanachodhani anataka kusoma. Akusanye mtu wa nje ya wodi, na kama watumishi hawafiki 8 katika kundi fulani, usitoe wastani wa kundi hilo peke yake. Watajuana.

Muda: hesabu kabla ya kuahidi

Kipindi kimoja kiwe cha dakika 45, mara moja kwa wiki, kwa wiki 12. Kundi lisizidi watu 10. Chukua wodi yenye wauguzi 18: makundi matatu ya watu 6, kila muuguzi anapata saa 9 za mafunzo kwa miezi mitatu, jumla saa 162 za kazi. Andika namba hiyo kwenye ombi lako kwa uongozi. Bila namba utajibiwa "mtapanga wenyewe hukohuko", na maana yake ni kwamba watu wataitwa siku zao za mapumziko. Mafunzo ya kuzuia uchovu yanayokula siku ya mapumziko ni sawa na kuchota maji kwenye mtungi unaovuja ili kuujaza mtungi huohuo.

Pale zamu mbili zinapokutana ndipo pa kupata nafasi. Kama zamu ya asubuhi inakabidhi saa nane mchana, vuta ya mchana ianze dakika 45 mapema wiki hiyo kwa kundi moja, kisha muda huo urudishwe kwao siku nyingine na uandikwe kwenye ratiba. Wa usiku wapate kipindi chao mwanzoni mwa zamu, kamwe si asubuhi wanapotoka. Muuguzi aliyekesha hasikii somo, anasikia usingizi tu.

Kusoma hatari kabla haijafika

Hofu isiyo na umbo ndiyo inayochosha. Muuguzi anayetembea wodini akidhani kila mgonjwa anaweza kumrukia huwa amekaza mwili saa zote nane au 12. Mfundishe kujua ni nani wa kuangaliwa leo, na mwili wake utapumzika mbele ya wale wengine 20.

Chombo rahisi ni orodha ya Brøset kutoka Norwei. Ina dalili sita: kuchanganyikiwa, kukasirika haraka, kelele na fujo, kutisha kwa mwili, kutisha kwa maneno, na kushambulia vitu. Kila dalili iliyopo ni alama 1, isiyopo 0. Kama mgonjwa kwa kawaida yake ni mtu wa kelele, unahesabu pale tu zinapozidi kawaida hiyo. Jumla 0 ni hatari ndogo, 1 hadi 2 ni ya wastani na hatua za kuzuia zianze, 3 na zaidi ni kubwa na mpango wa namna ya kumdhibiti uwe tayari. Inatabiri saa 24 zijazo, si mwezi mzima, kwa hiyo hujazwa kila zamu.

Darasani chukua maelezo ya wagonjwa wanne wa kubuni, kila mmoja apewe alama na kila mwanafunzi peke yake, ndipo mlinganishe. Tofauti zitakuwepo, hasa kwenye "kuchanganyikiwa" na "kukasirika haraka". Jadilini hadi mkubaliane mnaita nini nini, maana alama ya 2 ya mmoja ikiwa 4 ya mwenzake orodha haina kazi. Kinachoharibu zaidi baadaye ni kujaza mwisho wa zamu kwa kunakili za jana. Dawa yake ni kuisoma kwa sauti kwenye makabidhiano: "Kitanda cha 11, alama 3, zimepanda kutoka 1 ya asubuhi." Hakuna anayependa kusoma namba ya uongo mbele ya mtu atakayekaa na mgonjwa huyo usiku.

Kutuliza kwa maneno

Hapa tumia vipindi vinne kati ya 12. Ndipo penye faida kubwa, na ndipo wakufunzi wengi hupapita kwa mhadhara. Ustadi huu hauingii kwa mhadhara, unaingia kwa igizo dhima.

Wagawe watatu watatu: mmoja muuguzi, mmoja mgonjwa, mmoja mtazamaji. Dakika 4 za igizo, dakika 3 za maoni, kisha mnabadilishana nafasi. Mizunguko mitatu inakula dakika 21, unabaki na 24 za kueleza mwanzoni na kukusanya mawazo mwishoni. Mtazamaji asiambiwe "angalia kila kitu". Aandike mambo manne tu: umbali (usipungue urefu wa mikono miwili), mikono iko wapi na inaonekana, sauti ilipanda lini, na muuguzi alisema sentensi ngapi kabla ya kumwachia mgonjwa nafasi ya kujibu.

Mfano wa igizo ni saa mbili usiku, dawa zinagawiwa. Mgonjwa anarudisha kikombe.

"Sista, hizo si dawa. Mmetia sumu."

Toleo la kwanza, ambalo karibu kila kundi litaanza nalo:

"Kaka, kunywa. Daktari ndiye aliyeandika. Usipokunywa utachomwa sindano."

Mwache mtazamaji aeleze kilichotokea mwilini mwa "mgonjwa". Mara nyingi aliyecheza nafasi hiyo anashangaa mwenyewe: alisimama wima, ngumi zikajikunja. Kisha rudieni.

"Naona hivi vidonge vinakutia wasiwasi. Mtu akiamini kuna sumu, lazima akatae." Kimya kidogo. "Nini hasa kinakutia shaka, jinsi vinavyoonekana au unavyojisikia ukishakunywa?"

"Jana nilikunywa, ulimi ukawa mzito, shingo ikakaza ikaelekea pembeni."

Simamisha igizo hapo. Ulimi mzito na shingo kukakamaa baada ya dawa za akili kama haloperidol ni madhara yanayojulikana, misuli inajibana yenyewe, yanatibika na yanatakiwa kuripotiwa kwa daktari usiku huohuo kabla ya dozi nyingine. Muuguzi wa toleo la kwanza angemshika, angemchoma dawa ileile, na angeenda nyumbani na mikwaruzo mkononi. Wa pili hakukubali kwamba kuna sumu, wala hakubishana. Aliuliza, akapata sababu ya kweli iliyojificha ndani ya imani isiyo ya kweli. Si kila mara utaipata, ila usipouliza huipati kamwe.

Wafundishe pia sheria ya msemaji mmoja. Watatu wakiongea pamoja na mgonjwa anayesikia sauti, wamemwongezea sauti tatu. Mmoja anasema, wengine wanasogeza wagonjwa wengine na kubaki karibu na mlango bila kuuziba.

Ukitaka mpango mpana zaidi wa kufuata, upo wa Safewards uliotungwa Uingereza na Len Bowers na wenzake wa King's College London. Una hatua 10 ndogo, kama kuandika pamoja na wagonjwa matarajio ya pande zote mbili, kusema jambo zuri kuhusu kila mgonjwa kwenye makabidhiano, na kumwandaa mtu kabla ya kupewa habari mbaya. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015, lililofanyika katika hospitali 15, lilionyesha migogoro kupungua kwa asilimia 15 na hatua za kuwadhibiti wagonjwa kwa asilimia 26.4, ikilinganishwa na wodi ambazo hazikuutumia. Usizianze zote 10 wiki moja. Mbili kwa mwezi zinatosha.

Kutenganisha tulichoona na tulichokisia

Maneno "anajifanya", "anatafuta kutazamwa", "ni mvivu tu" ndiyo mlango wa dharau, na dharau ndiyo sura ya pili ya uchovu. Chora safu mbili ubaoni. Upande mmoja kiandikwe kilichoonekana: "hakuoga siku nne, amelala hadi saa sita mchana, anajibu neno moja". Upande wa pili kilichokisiwa: "mvivu". Kisha liulize kundi ni maelezo gani mengine matatu yanaweza kuleta picha hiyohiyo. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta sauti na imani zisizo za kweli, yenyewe huondoa msukumo wa kufanya jambo. Dawa inaweza kuwa inamlaza. Sonona nayo inaweza kuwa imeingia.

Fanya zoezi hilo kwa mgonjwa anayejidhuru mara kwa mara, kwani huyo ndiye anayewachosha wauguzi kwa namna ya pekee: unamfunga kidonda leo, kesho kinafunguliwa. Kwa wengi wao kujikata ni njia ya kushusha maumivu ya ndani yasiyobebeka, na muuguzi akilijua hilo lengo lake linabadilika. Halipimwi tena kwa "hajajikata kabisa", linapimwa kwa "safari hii alikuja kuniambia kabla". Kipimo cha mafanikio kikiwa cha kweli, ile sura ya tatu, ya kujiona hufanyi lolote, hupungua makali. Wafundishe hivyohivyo kuhusu kurudi wodini: kwa magonjwa mengi ya akili kurudi tena ni sehemu ya mwendo wa ugonjwa, na anayerudi baada ya miezi tisa badala ya mitatu amepiga hatua.

Kuna uchungu mwingine ambao haumalizwi na maarifa. Mwaka 1984 mwanafalsafa Andrew Jameton alieleza ule mgogoro wa nafsi unaompata muuguzi anayejua jambo lililo sahihi huku mazingira yakimzuia kulifanya. Kumfunga mgonjwa kitandani kwa sababu watu hawatoshi ni mfano wake halisi. Usijaribu kulituliza hilo kwa mazoezi ya pumzi. Lipewe jina, lijadiliwe, na tukio liandikwe kwenye fungu la pili la zile karatasi.

Usiku na usingizi

Kipindi kimoja kinatosha, ila kiwe cha vitendo. Usingizi mfupi wa dakika 20 hadi 30 katikati ya zamu ya usiku husaidia umakini. Ukilala zaidi ya hapo unaamka na kichwa kizito. Hata baada ya usingizi mfupi, acha robo saa kabla ya kugusa kabati la dawa. Baada ya takriban saa tano nusu ya kafeini bado iko mwilini, kwa hiyo kikombe cha mwisho kinywewe muda wa saa sita kabla ya kulala, siyo alfajiri wakati wa kuandika ripoti. Anayepanga ratiba naye asikilize: zamu zisogee mbele, asubuhi kwenda mchana kwenda usiku, usiku mfululizo usizidi mitatu, na kati ya zamu na zamu zipite saa 11 angalau.

Ulezi wa kitaaluma: pale mafunzo yanapoendelea kuishi

Darasa likiisha bila ulezi, ujuzi huyeyuka ndani ya miezi michache. Ulezi wa kitaaluma ni kikao cha kudumu ambamo wauguzi wanaileta kazi yao mezani na kuitazama pamoja na mtu mwenye uzoefu. Brigid Proctor, mkufunzi wa ushauri nasaha wa Uingereza, katika miaka ya 1980 aliugawa kwa kazi tatu: kulinda viwango, kukuza ujuzi, na kumrejeshea mtu nguvu. Ile ya tatu ndiyo inayozuia uchovu, nayo ndiyo ya kwanza kuliwa na ukaguzi wa mafaili mlezi akiwa ni bosi.

Kwa hiyo mlezi asiwe yule anayejaza fomu ya kumpima mtumishi. Kikao kiwe cha dakika 60 kila mwezi, watu 5 hadi 8, saa na chumba vilevile, simu nje. Mtu mmoja analeta mgonjwa mmoja aliyemwelemea na kueleza kwa dakika 10 bila kukatizwa. Dakika 5 zinazofuata ni maswali ya kuelewa tu. Kisha wengine wanazungumza kwa dakika 20 kuhusu wanachohisi na wanachodhani mgonjwa anakihisi, na mleta mada anasikiliza tu. Ugumu uko hapo: wauguzi wamefundishwa kutoa suluhisho, na dakika ya pili mtu atasema "mimi ningempa...". Mrudishe taratibu kwenye swali, kila mara, hadi mazoea yabadilike. Kikao cha tatu au cha nne ndipo huanza kutulia. Muda unaobaki ni wa kuamua jambo moja la kujaribu.

Yanayosemwa humo hayatoki, isipokuwa yanayohusu hatari kwa mgonjwa au mtumishi, na mpaka huo usemwe kikao cha kwanza kabla mtu hajafungua mdomo.

Baada ya kupigwa

Kila anayefanya kazi wodini ajue mapema kitakachofuata akipigwa, kwa mpangilio huu.

1. Ndani ya dakika 10: anatolewa wodini, anachunguzwa majeraha, mtu mmoja anakaa naye. Swali la kwanza ni "umeumia wapi?", kamwe si "ulimfanya nini?"
2. Kabla ya zamu kuisha: msimamizi anamuuliza kama anataka kuendelea, kwenda sehemu nyingine au kwenda nyumbani. Akienda, asiende peke yake.
3. Tukio linaandikwa, na msimamizi anamsaidia kuandika.
4. Siku ya pili au ya tatu anapigiwa simu ya kumjulia hali.
5. Baada ya wiki nne anaulizwa tena. Ndoto mbaya, tukio kujirudia kichwani, au kukwepa chumba kile ni sababu ya kumpeleka kwa mtaalamu.

Usimlazimishe kusimulia yote mbele ya kundi siku ileile. Mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliona kwamba kikao kimoja cha kumsimulisha mtu mara baada ya tukio hakizuii madhara ya kiwewe, na huenda kikawaumiza baadhi. Akitaka kusema mwenyewe, asikilizwe. Kikao cha kuchambua tukio kwa ajili ya kujifunza kifanyike siku chache baadaye, na hoja iwe tukio, siyo mtu.

Msimamizi wa wodi darasani

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini inapendekeza mameneja wafundishwe namna ya kulinda afya ya akili ya watumishi wao. Kwa wodi ya akili, mpe msimamizi vipindi viwili vya peke yake kabla ya wengine kuanza. Kazi yake kubwa ni kujifunza mazungumzo mafupi ya faragha. "Mbona siku hizi huna raha?" inajibiwa "niko sawa tu" na mlango umefungwa. "Jikaze, kazi ndivyo ilivyo" inaufunga kwa kufuli. Aanze na alichokiona: "Wiki hizi mbili umebadilishana zamu mara nne, na jana hukutoka kula. Nini kinakuelemea?" Kisha anyamaze na ahesabu hadi kumi moyoni. Aje na vitu viwili au vitatu alivyo na mamlaka navyo, kama kumtoa kwa wiki moja kwenye kazi ya kumwangalia mgonjwa mmoja muda wote, kumpa siku mbili mfululizo za mapumziko, au kumbadilishia mwenza wa zamu. Asiahidi asichoweza.

Wageni kazini wawekewe ngazi yao: mlezi mmoja kwa wiki 12, na wiki nne za kwanza wasiachwe peke yao usiku. Mazoea ya dharau hujengeka mapema kwa sababu mgeni anaiga lugha anayoisikia kwenye makabidhiano.

Kujua kama yamefanya kazi

Rudia dodoso mwezi wa tatu na wa sita, kwa masharti yaleyale ya siri. Linganisha pia vitu ambavyo wodi inavihesabu tayari: siku za ugonjwa, maombi ya kuhama, sindano za kutuliza kwa wiki, mara ambazo mgonjwa alifungwa au kutengwa. Mwezi wa kwanza matukio yaliyoandikwa yanaweza kupanda. Usishtuke, watu wameanza kuandika yale waliyokuwa wakiyameza. Kila baada ya miezi mitatu rudisha kipindi kimoja cha igizo dhima, kwa visa vipya vilivyotoka kwenye wodi yenyewe.

Kama mahudhurio yalikuwa kamili, maigizo yanafanyika vizuri, na bado wastani wa sehemu ya uchovu wa kazi haujashuka huku ile ya wagonjwa imeshuka, usiongeze masomo. Wauguzi wameshajifunza ulichokuwa nacho cha kuwafundisha. Chukua fungu la pili na la tatu la zile karatasi, angalia ni lipi kati ya yale uliyoyapeleka kwa uongozi bado halijajibiwa, ukaombe kikao.